Roger Casement: Mtetezi wa Kongo aliyenyongwa kwa sababu ya mkato

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba mkato, ile alama ndogo yenye mkia inayokaa chini ya mstari, ni mahali pa kuvuta pumzi. Wengine huuita koma, wengine kituo kidogo. Anayeukosea hupunguziwa maksi moja, na maisha yakaendelea.

Kwa Roger Casement maisha hayakuendelea. Saa 3:00 asubuhi ya Agosti 3, 1916, alinyongwa katika gereza la Pentonville, jijini London, baada ya mawakili na majaji kubishana juu ya alama ya namna hiyo. Walitaka kujua kama ilikuwapo au haikuwapo katika sheria iliyoandikwa miaka 565 kabla ya siku ile.

Mtu huyo hakuwa mhalifu wa mitaani. Alikuwa ameitumikia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwa takriban miaka 20, akatunukiwa heshima ya kuitwa Sir, na jina lake lilijulikana duniani kwa kufichua mateso ya watu wa Kongo na wa misitu ya Amazon. Ndiyo maana habari zake husimuliwa hadi leo, kila panapozungumzwa uzito wa alama za uandishi katika lugha ya Kiingereza.

Yatima wa Antrim

Roger David Casement alizaliwa Septemba 1, 1864, katika kitongoji cha Sandycove, karibu na Dublin. Wakati huo Ireland yote ilikuwa sehemu ya dola ya Uingereza.

Baba yake alikuwa ofisa mstaafu wa jeshi na Mprotestanti. Mama yake alikuwa na asili ya Kikatoliki, na inafahamika kwamba aliwabatiza watoto wake kwa siri katika dhehebu hilo walipokuwa Wales. Mama alifariki dunia mwaka 1873, na baba akamfuata mwaka 1877. Mtoto Roger akabaki yatima akiwa na umri wa miaka 12, akalelewa na ndugu wa baba yake katika jimbo la Antrim, kaskazini mwa Ireland.

Hakusoma chuo kikuu. Akiwa bado kijana alikwenda Liverpool kufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, iliyokuwa ikifanya biashara na Afrika Magharibi. Mezani pake hapo palijaa orodha za mizigo, hati na barua. Kazi hiyo haikumridhisha, na mwaka 1883 alipanda meli kuelekea Afrika akiwa mhudumu wa hesabu za melini.

Mwaka uliofuata alikuwa tayari Kongo, akiwa mmoja wa vijana wa Kizungu walioajiriwa katika shughuli za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kama wengi wa rika lake, aliamini kwamba kazi hiyo ingekomesha utumwa na kuleta maendeleo. Huko Matadi, Juni 1890, alifahamiana na baharia mmoja mwenye asili ya Poland, Joseph Conrad, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya za Kiingereza.

Ripoti ya Kongo

Mwaka 1892 aliingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Nigeria. Mwaka 1895 alipelekwa kuwa balozi mdogo mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, Msumbiji. Baada ya hapo alihamishiwa Luanda, na hatimaye akarudi Kongo kuiwakilisha serikali yake.

Kongo aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Mwezi Mei 1903, Bunge la Uingereza lilipitisha azimio la kutaka hali ya nchi hiyo ichunguzwe, na Casement akaagizwa kwenda bara. Alikodi boti ndogo ya wamisionari wa Kimarekani ili asitegemee usafiri wa serikali ya Leopold. Kuanzia Julai hadi Septemba alipita katika vijiji vya kando ya mto, akihoji watu na kuandika kila alichosikia.

Alikuta vijiji ambavyo alivikumbuka vikiwa na watu wengi vimebaki na wachache. Wakazi walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira kwa kiasi kilichopangwa na mawakala. Walioshindwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, na wengine waliuawa. Alionana na watu waliokatwa mikono.

Aliporejea London aliandika ripoti yake kwa lugha ya kiofisi, bila kupaza sauti, akiacha tarehe, mahali na maelezo ya mashahidi yaseme yenyewe. Ripoti hiyo ilichapishwa Februari 1904.

Hata hivyo, kabla ya kuchapishwa, wakubwa wake waliondoa majina ya watu na mahali, wakaweka herufi badala yake. Shahidi aliyekuwa na jina akawa herufi moja tu, na kijiji kikawa herufi nyingine. Casement alikasirika sana. Aliona kuwa ushahidi usio na majina ni rahisi kuukana, na kwamba badiliko hilo dogo la karatasini lilipunguza nguvu ya kazi nzima.

Pamoja na hayo, ripoti ilifanya kazi yake. Mwaka huohuo yeye na mwandishi wa habari E. D. Morel walikuwa nyuma ya kuanzishwa kwa chama cha kudai mageuzi Kongo. Tume iliyoundwa na Leopold mwenyewe ilithibitisha sehemu kubwa ya madai hayo, na mwaka 1908 mfalme huyo alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Mwaka 1910 Casement, wakati huo akiwa balozi mdogo mkuu nchini Brazil, alitumwa tena katika kazi kama hiyo. Safari hii ilikuwa Putumayo, katika misitu ya Amazon, ambako kampuni ya mpira iliyosajiliwa London ilituhumiwa kuwatesa na kuwaua wenyeji. Ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 1912. Mwaka 1911 alikuwa ameshapewa heshima ya Sir.

Kutoka utumishi hadi uasi

Kadiri alivyoona mateso ya watu waliotawaliwa na wageni, ndivyo alivyozidi kuitazama upya nchi yake mwenyewe. Alistaafu mwaka 1913, akajiunga na harakati za kudai uhuru wa Ireland. Mwaka huo alishiriki katika kuanzisha jeshi la wananchi wa kujitolea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Casement alikuwa Marekani akichangisha fedha. Aliona kuwa adui wa Uingereza angeweza kuwa rafiki wa Ireland, na mwezi Oktoba mwaka huo alivuka bahari kupitia Norway hadi Ujerumani.

Huko alikwenda katika kambi ya Limburg, walikokuwa wamekusanywa wafungwa wa vita wenye asili ya Ireland waliokuwa askari wa Uingereza. Aliwashawishi wajiunge na kikosi cha kupigania uhuru wa nchi yao. Wengi walikataa, na wengine walimzomea. Waliokubali hawakufika hata mia moja.

Ujerumani ilikubali kutoa bunduki zipatazo 20,000, ambazo zilipakiwa katika meli iliyojifanya ya Norway. Meli hiyo ilikamatwa na jeshi la maji la Uingereza, na nahodha wake akaizamisha pamoja na shehena yake.

Casement mwenyewe aliletwa kwa nyambizi na kushushwa ufukwe wa Banna, katika jimbo la Kerry, alfajiri ya Ijumaa Kuu, Aprili 21, 1916. Alikuwa mgonjwa na amelowa. Lengo lake lilikuwa kuwaonya wenzake kwamba msaada wa Wajerumani haukutosha na kwamba maasi yangeahirishwa. Alikamatwa siku hiyohiyo. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 24, maasi yalianza Dublin bila yeye.

Mwezi Mei watu 15 waliohusishwa na maasi hayo walipigwa risasi nchini Ireland baada ya kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Casement alipelekwa London kushitakiwa kwa uhaini katika mahakama ya kiraia.

Sheria ya mwaka 1351

Kesi ilisikilizwa kuanzia Juni 26 hadi 29, 1916, mbele ya Jaji Mkuu, Lord Reading, akiwa na majaji Avory na Horridge, pamoja na jopo la raia 12. Upande wa serikali uliongozwa na Mwanasheria Mkuu, F. E. Smith.

Kumpata wakili wa kumtetea kulikuwa kazi. Mawakili wakubwa wa Uingereza walikataa. Wakili George Gavan Duffy, aliyeandaa utetezi, alitengwa na washirika wa ofisi yake kwa kuikubali kesi hiyo. Aliyesimama mahakamani alikuwa A. M. Sullivan, wakili kutoka Ireland.

Sullivan hakuwa na njia ya kukana matendo. Mashahidi waliokuwa wafungwa Limburg walimtambua mshitakiwa. Kilichobaki kilikuwa sheria yenyewe, na sheria hiyo ilikuwa kongwe kuliko jengo walimokaa.

Ilitungwa mwaka 1351, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, ili kueleza bayana ni matendo gani hasa yanayoitwa uhaini, kwa kuwa kabla ya hapo watawala walikuwa wakilitumia neno hilo watakavyo. Iliandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani, lugha iliyotumiwa na wanasheria wa Uingereza wakati huo, juu ya ngozi iliyoviringishwa.

Kifungu kilichohusika kilikuwa na vipande vitatu vilivyofuatana. Cha kwanza kilimtaja mtu anayeambatana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake. Cha pili kilieleza kuwapa maadui hao msaada na faraja ndani ya milki. Cha tatu kilikuwa na maneno machache tu yenye maana ya au mahali pengine.

Swali likawa: je, maneno hayo ya mwisho yanashikamana na kipande kipi?

Kazi ya mkato

Ili msomaji aone uzito wa swali hilo, tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme kijiji kimetunga sheria ndogo isemayo kwamba mtu akiuza pombe sokoni akiwapa wateja viti sokoni au mahali pengine atatozwa faini. Mtu anayeuza pombe nyumbani kwake, mbali na soko, amevunja sheria hiyo?

Ikisomwa kwa mfululizo, hajavunja. Uuzaji lazima uwe sokoni, na ni viti tu vinavyoweza kuwa sokoni au kwingineko. Lakini tukiweka mkato baada ya neno sokoni la kwanza na mwingine baada ya neno sokoni la pili, habari ya viti inakuwa maelezo yaliyochomekwa katikati. Maneno ya mahali pengine yanaruka juu ya maelezo hayo na kurudi kwenye uuzaji wenyewe. Hapo muuzaji wa nyumbani naye amenaswa.

Hii ni mojawapo ya kazi kubwa za mkato katika Kiingereza. Mkato mmoja hutenganisha vitu vinavyoorodheshwa, au sentensi ndogo na ile inayofuata. Mikato miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, hufanya kazi ya mabano. Kilichomo ndani ni nyongeza, na sentensi inaweza kusimama bila hicho.

Mtu akiandika kwa Kiingereza bila mikato kwamba wafungwa waliokataa kujiunga walirudishwa kambini, anamaanisha kwamba wapo wengine waliokubali. Akiyafungia maneno ya kukataa ndani ya mikato miwili, anamaanisha kwamba wafungwa wote walikataa na wote walirudishwa. Maneno hayakuongezwa wala kupunguzwa, lakini idadi ya watu imebadilika.

Hoja ya Sullivan ilisimama hapo. Alidai kuwa kwa mujibu wa kifungu kile, mtu anayeambatana na adui anapaswa kuwa ndani ya milki ya mfalme anapotenda kosa. Casement alishitakiwa kwa mambo aliyoyafanya akiwa Ujerumani, na hati ya mashitaka yenyewe ilisema hivyo. Kwa usomaji huo sheria haikumgusa.

Upande wa serikali ulisema kinyume. Maneno ya msaada na faraja ni ufafanuzi tu wa nini maana ya kuambatana na adui. Yakiwekwa kando kama maelezo ya katikati, sheria inasema kuwa mtu anaweza kuwa mhaini akiwa ndani ya milki au mahali pengine popote.

Tafsiri za Kiingereza zilizochapishwa zilikuwa na mikato iliyounga mkono usomaji wa serikali. Lakini mikato hiyo iliwekwa na wachapaji wa karne za baadaye, ilhali sheria halisi ilikuwa ile ya Kifaransa.

Majaji kwenye ghala la hati

Karani wa mwaka 1351 hakuujua mkato kama tunaoujua leo. Waandishi wa zama hizo walitumia nukta na mikwaju, yaani vistari vya mlazo, kumwonyesha msomaji mahali pa kutua, na kila mmoja alikuwa na mazoea yake. Ni wachapaji wa Venice, akiwamo Aldus Manutius, ambao mwishoni mwa karne ya 15 walisaidia kuipa alama hiyo umbo la kimkia kilichopinda na kushuka chini ya mstari. Waingereza waliipokea baadaye.

Kwa hiyo kuutafuta mkato katika hati ile kulikuwa sawa na kutafuta nyayo za mtu ambaye hajazaliwa. Hata hivyo, majaji Avory na Horridge walikwenda kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa na kuzichunguza ngozi zenyewe kwa macho yao. Walikuta alama ya mstari iliyoonekana kuyatenga maneno ya mwisho na yale yaliyotangulia. Iwapo alama hiyo ilibeba maana yoyote ya kisheria, hilo likabaki kuwa jambo la mabishano.

Mahakama iliikataa hoja ya Sullivan. Wakili huyo aliendelea kupambana, lakini siku ya tatu ya kesi alizidiwa akiwa katikati ya hotuba yake ya mwisho na kushindwa kuendelea. Msaidizi wake, Artemus Jones, alimalizia siku iliyofuata. Jopo lilijadiliana kwa muda usiofika saa moja, likamtia hatiani. Casement akahukumiwa kunyongwa, na heshima ya Sir ikaondolewa.

Rufaa ilisikilizwa Julai 17 na 18 mbele ya majaji watano wakiongozwa na Jaji Darling. Utetezi ulisisitiza kwamba ikiwa kosa la mtu linategemea alama ya kituo, basi shaka hiyo impe nafuu mshitakiwa, si serikali. Majaji hawakukubali. Waliegemea maandishi ya magwiji wa sheria wa karne zilizopita, akiwamo Edward Coke, waliokuwa wameielewa sheria hiyo kwa namna ileile ya serikali.

Ilibaki njia moja, nayo ni kwenda Baraza la Malodi. Lakini ili mlango huo ufunguke ilihitajika hati ya idhini kutoka kwa Mwanasheria Mkuu. Huyo alikuwa F. E. Smith yuleyule aliyeongoza mashitaka. Alikataa kuitoa.

Je, ni mkato uliomuua?

Maneno kwamba Casement alinyongwa kwa mkato yalienea na yanatumika mpaka sasa. Mwenye kupenda ukweli, hata hivyo, hana budi kuongeza jambo.

Mwaka 1903 mtu mwingine mwenye damu ya Ireland, Arthur Lynch, alihukumiwa kifo kwa sheria hiyohiyo kwa kupigana upande wa Makaburu katika vita vya Afrika Kusini. Naye alitenda hayo nje ya milki, na hoja ya maneno ya mahali pengine ilitolewa na kukataliwa. Lakini adhabu yake ilipunguzwa, akaachiwa, akasamehewa, na baadaye akawa mbunge jijini London.

Hivyo usomaji wa sheria ulikuwa uleule, ila hatima zilitofautiana. Lynch alihukumiwa vita ikiwa imekwisha. Casement alihukumiwa katikati ya vita kubwa zaidi, miezi michache baada ya damu kumwagika Dublin.

Watu mashuhuri, miongoni mwao waandishi Arthur Conan Doyle na George Bernard Shaw, walijitokeza kutaka asinyongwe. Rafiki yake wa Matadi, Joseph Conrad, hakutia saini. Wakati huohuo maofisa wa serikali waliwaonyesha kwa siri wanasiasa, waandishi wa habari na balozi wa Marekani kurasa za shajara zilizosemekana kuwa za Casement, zikieleza uhusiano wake wa kimapenzi na wanaume. Kwa maadili ya siku zile, kurasa hizo zilitosha kuwanyamazisha wengi.

Shajara hizo zilizua ubishi wa miaka mingi kama ni zake au zilighushiwa. Uchunguzi wa kitaalamu wa mwandiko uliotangazwa mwaka 2002 ulihitimisha kuwa ni zake, ingawa wapo ambao hawajaridhika.

Kwa maneno mengine, mkato ulifunga mlango wa sheria. Mlango wa huruma, ambao kwa Lynch ulifunguliwa, ulifungwa na siasa.

Kurudi nyumbani

Kabla ya kifo chake, Casement alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Baada ya kunyongwa alizikwa ndani ya uwanja wa gereza, bila jeneza na bila alama ya kaburi. Ndugu na marafiki waliomba mwili wake, wakanyimwa.

Serikali ya Ireland huru iliendelea kuomba kwa miongo mingi. Mwaka 1965 Uingereza ilikubali. Mabaki yake yalifukuliwa na kurejeshwa Dublin mwezi Februari, na Machi 1 yakazikwa kwa heshima zote za kitaifa katika makaburi ya Glasnevin. Rais Éamon de Valera, aliyekuwa na umri wa miaka 82 na afya dhaifu, alihudhuria pamoja na umati mkubwa wa wananchi. Casement alitaka azikwe Murlough, katika Antrim ya utoto wake. Eneo hilo liko Ireland Kaskazini, na sharti la Uingereza lilikuwa asipelekwe huko.

Sheria ya mwaka 1351 haijafutwa yote. Sehemu zake bado ni sheria ya Uingereza, ingawa adhabu ya kifo kwa uhaini iliondolewa mwaka 1998.

Kwa wanasheria, kesi hii iliacha funzo lililo wazi: sentensi ambayo maana yake yote imening'inia kwenye alama moja ni sentensi mbovu, hata kama alama hiyo imewekwa sawasawa. Mwandishi makini huipasua sentensi ya namna hiyo kuwa mbili, au huyarudia maneno pale yanapohitajika, ili mtu mwingine asije kuchagua maana kwa niaba yake.

Funzo hilo si la majaji peke yao. Kila siku watu wa mijini hutia saini mikataba ya ajira, ya mikopo na ya upangaji wa nyumba iliyoandikwa kwa Kiingereza, wakipitisha macho juu ya mikato kana kwamba ni vumbi la karatasi. Pale penye maneno ya au kwingineko, na mengineyo, au isipokuwa, ni vema kusimama na kuuliza yanashikamana na nini.

Casement alilijua jambo hilo kabla ya kesi yake. Mwaka 1904 aliona jinsi herufi zilizowekwa mahali pa majina zilivyowafanya watu wa Kongo waliokatwa mikono wasiwe na majina mbele ya dunia. Miaka 12 baadaye ilikuwa zamu yake kusubiri, ndani ya chumba cha mahakama, watu wengine waamue kilichoandikwa kinamaanisha nini.